Mwaka wa Kumkatalia Baba Salima

Festo alinipigia simu asubuhi, maandazi yakiwa kwenye mafuta, na kwa sauti yake tu nikajua. "Mama Twaha," akasema, "mtani wako ametutoka alfajiri. Njoo ufanye kazi yako." Nikazima jiko, nikamwachia jirani ufunguo, nikapanda gari la Newala harufu ya mafuta ingali mikononi. Kutoka Masasi nililia kimya kimya, abiria wakidhani nina mafua, hadi gari lilipoanza kupanda mlima. Hapo nikajipangusa, nikajiambia, Rukia, acha, leo hukuitwa kulia. Wenye kulia wapo tele. Mimi ni Myao, Baba Salima ni Mmakonde, na huku kwetu Myao akifika kwenye msiba wa Mmakonde haji kuomboleza tu, anakuja kufanya vituko. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anamsema mbele ya watu wote, anasimama mbele ya jeneza na kulizuia mpaka apewe anachotaka. Hakuna wa kumkemea, maana huo ndio utani wenyewe, na ndio unaowapa wafiwa nafasi ya kuvuta pumzi.

Mama Salima alikuwa ndani na wanawake wenzake. Alininyooshea kidole tu chumba cha mbele. Humo, juu ya kiti, nikakuta koti la kaki la mumewe limekunjwa vizuri, na juu ya koti miwani yake, mkono mmoja umefungwa uzi mweusi. Yaani katika yote yaliyompata asubuhi ile, mama wa watu alikumbuka kuniwekea vifaa vya kazi. Nikakaa, koti mapajani, nikisubiri wamalize kumwosha mzee. Chumba kilikuwa kile kile. Zamani kilikuwa ghala la korosho, na ile harufu kali ya maganda haikuwahi kutoka ukutani, hata baada ya kupakwa chokaa. Meza mbili, dirisha moja linalotazama ukingo wa mlima, na chini kabisa, bonde la Ruvuma likiwa limejaa ukungu. Kwenye nondo ya dirisha bado palikuwa na kipande cha kamba tulichofungia modemu, kwa sababu mtandao ulipatikana pale pale tu. Ukiisogeza kidogo, umeukosa. Nikacheka peke yangu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na sinia akanitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nilikuja katika chumba hicho nikiwa msichana wa miaka ishirini na tatu, nimetoka Chiungutwa na begi moja na cheti kibichi cha kompyuta. Kazi yenyewe, nikiwaeleza wanangu leo, wananitazama kama nawatungia hadithi. Kuna kitu watu wa programu wanakiita maktaba, lakini hakina vitabu. Ni furushi la kazi zilizokwisha kuandikwa, ili anayetengeneza programu yake azichukue azitumie asianze moja. Maktaba yetu ilikuwa ya kutunza siri. Ukiipa nywila ya mtu, inaitwanga, inaitwanga tena, mizunguko mingi, mpaka unga unaotoka haurudi kuwa nafaka. Mwizi akiiba huo unga hana la kufanya ila kubahatisha: atwange neno hili alinganishe, atwange lile alinganishe. Mizunguko ikiwa mingi, kila kubahatisha kunamchelewesha. Ikiwa michache, anamaliza upesi. Basi. Siri yote ni hiyo, na mtu yeyote aliyewahi kushika mchi anaielewa. Maktaba yenyewe iliandikwa na watu wa mbali, nao waliigawa bure. Sisi Newala tulikuwa tunaandika maelezo yake kwa Kiswahili, ili vijana wa huku wanaojifunza programu wasikwame kwenye lugha. Mwandishi alikuwa Baba Salima, mwalimu wa hisabati aliyestaafu. Mimi nilikuwa mpitiaji. Yeye anaandika, mimi nasoma, nasema palipo na kasoro.

Hapo kwenye kusema palipo na kasoro ndipo palipokuwa na balaa. Nilikuwa nikifika asubuhi, "Shikamoo Baba," "Marahaba mwanangu, umelalaje?" kisha nikae nimkosoe mtu ambaye sekunde chache nyuma nimemwamkia kwa kukunja magoti? Nimelelewa na nani, na shetani? Mzee mwenyewe nilikuwa naishi kwake, chumba cha uani, nakula chakula cha mkewe. Kwa hiyo kila ukurasa alionipa niliurudisha na maneno yale yale: nimesoma Baba, ni nzuri sana. Mara moja moja nilisahihisha nukta, na hata hiyo niliomba radhi kwanza. Yeye akawa anapokea, ananitazama juu ya miwani, anaguna. Mwezi wa pili akachoka. Alikuwa na ulimi, yule mzee, hasa akikerwa. "Rukia," akasema, "niliomba mpitiaji, nimeletewa mwitikiaji. Mimi ni imamu huku, wewe unasema amina tu? Sikiliza. Nakupa mwaka huu. Ukiisha hujanikatalia hata sentensi moja kwa kinywa chako, nitakupandisha gari la Masasi na mfuko wa korosho, tuagane kwa wema." Nikasema, "Sawa Baba, umesema vizuri sana." Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Nilicheka pale kitini nilipoyakumbuka maneno yale, lakini mwaka ule sikucheka. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Niliupenda ukimya wa chumba kile saa za asubuhi, vidole vya mzee vikigonga kimoja kimoja kwenye kibodi, Mama Salima nje akipepeta mbaazi na kubishana na redio. Niliupenda mchana, tunapokula ugali wa muhogo na kisamvu chenye karanga, mzee akieleza nadharia ya namba tasa kwa kutumia vipande vya samaki, mkewe akimwambia, "Kula samaki, Baba Salima, acha kumfundisha." Jioni tulikaa barazani kumenya ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi myembamba ya porini. Unaitafuna kwa chumvi na pilipili huku mazungumzo yakienda yanakotaka. Kurudi Chiungutwa si kwamba kungekuwa kubaya. Kwetu ni kwetu. Ila nilijua nikirudi nitauza vocha na kuandikia watu barua za maombi, na kichwa changu kitapata kutu. Kila usemi wa "nzuri sana, Baba" ulikuwa unanisogeza stendi, nami nilijua, na mdomo ukaendelea kusema nzuri sana.

Sentensi iliyonikaa rohoni ilikuwa fupi. Ilikuwa kwenye ukurasa unaoeleza yale ambayo maktaba inakuchagulia usipochagua mwenyewe. Baba Salima aliandika: "Usipotaja idadi ya mizunguko, maktaba itatumia elfu moja, nayo inatosha." Niliisoma nikasikia kama punje ya mchanga kwenye wali. Nilikuwa nasoma mijadala ya wale watu wa mbali mtandaoni, na niliona wakisema ile elfu moja ilipangwa zamani, kompyuta zikiwa kobe. Kwamba sasa mwizi mwenye mashine nzuri anaimaliza mbio. Kwamba toleo lijalo wataongeza, na lile la baadaye wataongeza tena. Sisi namba hiyo hatukuwa na uwezo wa kuigusa. Mikononi mwetu tulikuwa na maneno tu, na neno tulilokuwa tunampa msomaji lilikuwa inatosha. Inatosha kwa nani? Inatosha hadi lini? Nilijaribu kumwuliza mzee kwa kuzunguka. Nikasema, "Baba, labda, sijui, kama ingependeza, tungeweza kuongeza kidogo hapo." Akasema, "Kuongeza nini?" Nikasema, "Hapana Baba, ni nzuri tu." Wallahi nilitamani kujizaba kofi.

Naye hakuwa mjinga, nisije nikamwonea kwa kuwa hayupo kujitetea. Siku moja alinieleza mwenyewe, bila kujua nimekwama hapo. Alisema amefundisha watoto maisha yake yote, na mtoto ukimtisha ukurasa wa kwanza hafiki wa pili. "Msomaji wetu anaogopa," akasema. "Anafungua maelezo haya moyo unamdunda. Kazi yangu ya kwanza ni kumwambia kaa, tulia, hutaharibu kitu." Na hilo ni kweli mpaka leo. Nimeona wageni wengi wa fani hii wakikimbia kwa sababu mwandishi aliwarundikia maonyo.

Kisha akaja Festo. Festo ni Mmakonde wa Chilangala, wakati ule kijana mwembamba mwenye baiskeli na kompyuta ya mitumba aliyoifunga kwa mpira wa tairi. Chama cha ushirika cha kwao kilimpa kazi ya kutengeneza programu, ili mkulima aangalie kwa simu korosho alizopeleka ghalani, uzito gani, daraja gani, na kila mkulima awe na nywila yake. Alikuja Newala mara kwa mara kumwuliza mzee maswali, na kula. Alikula bila haya, huyo, hadi Mama Salima akiiona baiskeli yake anaongeza maji kwenye mboga. Mchana mmoja wa kiangazi, mdomo umejaa, akasema, "Mwalimu, ile sehemu ya nywila nimemaliza. Ya mizunguko sikuhangaika nayo, si umeandika inatosha? Nimeacha hivyo hivyo. Msimu ukifunguliwa tunaanza." Baba Salima akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi nikalirudisha tonge sahanini. Nikaiona Chilangala nzima, wale wazee na mabibi wa watu, siri zao zimefungwa kwa kamba ya usufi, na aliyewaambia kamba ni imara ni sisi. Nikafungua mdomo. Festo akanitazama, mzee akanitazama. Nikasema, "Mama Salima, kisamvu leo kimekolea."

Sasa niseme habari za maji, maana bila maji mambo haya hayaeleweki. Newala iko juu na maji yako chini, na mtu wa Newala anajua maji yalipo kama anavyojua watoto wake walipo. Pale nyumbani palikuwa na tangi la saruji la kuvunia mvua, na ufunguo wa mfuniko ulikaa kwenye pindo la kanga ya Mama Salima. Kila jioni alikuwa akinitengea maji ya kuoga, ndoo nzima, bafuni kule uani, bafu la mabati lisilo na paa. Sikuwahi kuomba, hakuwahi kuniuliza. Nilikuwa nakuta ndoo, naoga, nashukuru. Tangu masika ilikuwa hivyo, na mimi nikajua dunia iko hivyo. Chiungutwa kwetu hatukuwa na shida ile, na nikioga nilikuwa naoga kama mtu: najimwagia, najipaka sabuni kutoka utosini hadi kwenye nyayo, nywele na masikio, halafu najisuuza kwa raha zangu.

Siku mbili tatu baada ya kile kisamvu, jioni jua bado kali, nikaingia kuoga. Vumbi la kiangazi lilikuwa limenigeuza mwekundu. Nikachota, nikajimwagia bila hesabu, nikajipaka sabuni ya mche mpaka nikawa mweupe wote, nikafumba macho, nikanyoosha kopo ndani ya ndoo. Kopo likagonga chini: ko! Nikapapasa. Ndoo kavu. Kumbe ilikuwa imejazwa nusu tu, nami niliingia nikipiga mluzi, sikutazama. Nikasimama pale kama mzimu, povu hadi kwenye kope, jua linaanza kulikausha, ngozi inavuta. Nikasubiri. Nilikuwa nasubiri nini, sijui. Adabu haikuniruhusu kupiga kelele ndani ya nyumba ya watu. Povu likaingia jichoni. Adabu ikaisha.

"Mama Salimaaa! Maji yameisha!"

"Yameishaje?" akajibu kutoka jikoni, mtulivu kabisa. "Si nimekutengea?"

"Umenitengea nusu!"

"Ndiyo, nusu. Kiangazi hiki. Tangu leo ni nusu, na mvua zikichelewa itakuwa kopo. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani, Mama? Mimi hakuna aliyeniambia!"

"Na wewe hukuuliza."

Hapo nikasikia kicheko cha Baba Salima barazani, kile cha kukohoa. Na kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba ile, akasema lile alilokuwa na haki ya kulisema tangu siku ya kwanza. "Wayao bwana!" akapaza sauti, majirani wasikie. "Umemleta mtu juu ya mlima anataka kuogelea! Mama Salima, mwambie ashuke Ruvuma akaoge na mamba, ni ndugu zake!"

Kwetu mtani akikuchokoza huwezi kumjibu kwa "nzuri sana, Baba". Kunyamaza ndiko kukosa adabu. Lile tusi lake la utani likanifungua mdomo kama ufunguo wa lile tangi, na yote niliyoyameza tangu mwanzo wa mwaka yakatoka kwa pamoja, mimi niko uchi, nina povu, nimefumba macho, napigia kelele ukuta wa bati. "Nyamaza wewe Mmakonde mla panya! Wewe ndiye uliyeniandikia ndoo hii! Wewe na inatosha yako! Inatosha kwa nani? Nimeingia hapa najua inatosha kwa sababu jana ilitosha! Hukusema leo ni ngapi, hukusema itabadilika, hukusema nikitaka zaidi nisemeje! Na yule Festo wako amekipaka sabuni kijiji kizima, msimu ukifunguliwa watakauka wote na povu! Sentensi yako mbovu! Naikataa!"

Nikasikia kiti kikisogezwa barazani, nikajua basi, nimejimaliza, gari la Masasi linaondoka asubuhi. Machozi yakachanganyika na sabuni. Kisha hatua zikaja zikasimama mbali kidogo na bafu, kwa heshima, na sauti ya mzee ikasema polepole, "Rudia."

"Nina povu machoni, Baba!"

"Usiniite Baba. Rudia kama ulivyosema. Ile sehemu ya leo ni ngapi."

"Mpe kwanza mtoto maji!" Mama Salima akadakia.

"Akishapata maji ataniamkia, Mama Salima! Niachie mtani wangu hivyo hivyo!"

Basi nikarudia. Nilipitia ukurasa mzima wa maelezo ya maktaba ya kufunga siri nikiwa ndani ya bafu la mabati, povu likinikauka mgongoni, mzee nje ananijibu, ananibishia, ananiita mchawi wa Chiungutwa, mimi namwita mwalimu wa uongo. Akasema, "Nikiwaambia itabadilika wataogopa." Nikasema, "Waogope kidogo sasa au wakauke baadaye?" Akasema, "Lakini Festo anataka kuambiwa moja tu." Nikasema, "Mwambie moja: ataje mwenyewe!" Mama Salima alipofika hatimaye na kopo la maji, alinipitishia juu ya bati akanong'ona, "Mkatalie kabisa, mwanangu. Mimi nimejaribu miaka mingi, hasikii." Sijawahi kuoga kopo tamu namna ile.

Jioni ile tulikaa na ming'oko na kuiandika upya, neno kwa neno, sisi watatu, na ndivyo ilivyotoka: "Usipotaja idadi ya mizunguko, maktaba itakuchagulia. Katika toleo hili inachagua elfu moja. Idadi hii imepitwa na wakati, na itaongezwa kadiri kompyuta zinavyopata nguvu. Usiichukue kuwa ahadi. Ikiwa unatunza siri za watu wengine, taja idadi mwenyewe. Iandike kando ya kila nywila, ili utakapoiongeza, waliotangulia wasifungiwe nje." Hilo la mwisho lilikuwa la mzee, nami nililipokea kwa mikono miwili. Kwenye "usiichukue kuwa ahadi" tuligombana mpaka chai ikapoa. Alisema ni ukali. Nikasema, "Nakataa, mtani." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema, "Tazama anavyolisema sasa. Kama amezaliwa nalo." Na kuanzia siku ile ikawa sheria ya chumba kile: asubuhi shikamoo na marahaba, sote tumesimama, halafu tukikaa mezani utani unaanza na umri unabaki mlangoni. Vijana waliokuja baadaye, wa makabila yasiyo na utani nasi, mzee aliwatafutia utani wa kubuni. Mchaga mmoja aliambiwa tangu leo wewe ni mtani wa meza hii, anza kunitukana.

Festo alipoletewa habari aliruka kama amekanyaga siafu. "Mwalimu uliandika inatosha!" "Niliandika, na mtani wangu amekataa. Nenda kaandike tena." Alinuna siku nzima, na siku hiyo ndiyo pekee niliyomwona akikataa kuongezwa mboga. Lakini alifanya. Alipima kompyuta ya chama ilivyo nzito, akataja idadi yake mwenyewe, kubwa, mara nyingi zaidi ya ile. Msimu ulipofunguliwa tulishuka naye Chilangala, mimi na mzee, tukasimama penye ghala kati ya magunia na mizani. Wa kwanza kuandikishwa alikuwa bibi mmoja mfupi mwenye ndonya, lile pambo la zamani la mdomo wa juu. Akapewa mashine, akageuka kutupa kisogo, akaandika neno lake. Kompyuta ikakaa kimya kidogo. Bibi akasema, "Imekufa?" Festo akasema, "Haijafa, bibi. Inatwanga." Bibi akatikisa kichwa, akasubiri kama anavyosubiri mtu anayejua kutwanga ni nini. Ikakubali. Akacheka, na Baba Salima akanigonga begani kwa ngumi, akageuka upande akijifanya anatazama mizani. Nilimwona. Alikuwa analia, mzee mzima, nami nikamtangazia watu wote pale kwamba Mmakonde ameingiwa na vumbi la korosho.

Mwaka ulipoisha hakunipandisha gari. Alisema mbele ya mkewe, "Nilimwomba anikatalie sentensi moja. Sasa hakuna inayopita. Mama Salima, hili ni kosa langu, nilisahau kutaja idadi." Mama Salima naye hakusalimika. Tangu lile povu, kila jioni ya kiangazi alisimama katikati ya uwanja na kupaza sauti, "Leo nusuuu!" au "Leo kopooo!" na majirani wakaanza kuitikia, nusu, kopo, mtaa mzima ukawa unajua tangi la Baba Salima limefika wapi. Nilikaa kwao mpaka nilipoolewa, na hata baada ya kuhamia Masasi kurasa ziliendelea kuja kwa mtandao, nami niliendelea kuzirudisha na yale maneno mawili ya kukataa. Ile namba imebadilika mara nyingi. Sentensi bado ipo.

Festo aliingia chumbani kunitoa kwenye hayo. Ana kitambi sasa, na alikuwa amevaa kanzu ingawa ni Mkristo, kwa heshima ya mzee. "Wanatoka," akasema. Nikavaa koti, mikono ikanipita vidole. Nikavaa miwani, dunia ikawa ukungu. Nikatoka nikitembea kama yeye, kifua mbele, mikono nyuma, naguna, na uwanja mzima ukaangua kicheko katikati ya kilio. Wanaume walikuwa wamelibeba jeneza hadi mlangoni. Nikasimama mbele yake, nikatanua miguu.

"Nakataa, mtani."

Imamu, anayenijua, akatazama chini akificha tabasamu. "Sema unachotaka, Myao, jua linakwenda."

"Nataka kujua huyu ameogeshwa vipi," nikasema kwa sauti ya mzee mwenyewe, ile ya kukohoa. "Kiangazi hiki. Mmemtengea nusu? Mmempa kopo? Mtu anasafiri, nisije nikaambiwa kule kwamba amefika na povu!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Salima, bintiye, alikuwa ameshika ukuta, anacheka na kulia kwa pamoja. Nikangoja. Mtani akiuliza lazima ajibiwe. Kisha kutoka ndani, nyuma ya pazia, ikaja sauti ya Mama Salima, ya kukwaruza, lakini imenyooka.

"Ndoo nzima, mtani. Nimefungua tangi mwenyewe. Leo nimempa ndoo nzima."

Nilitaka kumjibu kwa kichekesho. Ni kazi yangu, na nilikuwa nimekiandaa njia nzima. Nikakiacha. Nilivua miwani, nikakunja ule mkono wenye uzi, nikaiweka mfukoni mwa koti lake.

"Basi," nikasema, "inatosha."

Nikasogea pembeni, wakampitisha.